Uzi Mwekundu wa Mwanaidi

Marahaba mjukuu wangu Salehe, shikamoo yako imefika. Hapa Kilole hatujambo, ila babu yako anakohoa.

Umeuliza nani wa kuaminiwa kupanga ubora wa kadi za wanasoka unazokusanya, maana wanaozipanga nao hudanganya.

Mitumba ilipoanza kumiminika, pale soko la Manundu nilipokuwa nauza, kila muuzaji aliita gauni lake "kamera", yaani bora kabisa. Mwenzangu Mwanaidi akawa anatia uzi mwekundu kwenye pindo la kila gauni alilolikagua. Ukikuta tundu unarudisha, unapewa mawili. Akidanganya, anaumia mwenyewe. Wateja wakawa wananipita kama sionekani.

Wivu ulinikaba, na haujaniachia. Idi ilipokaribia nilimtuma shangazi yako kwa siri akaninunulie gauni kwa Mwanaidi. Ninalo bado. Tundu nimelitafuta mpaka leo sijaliona.

Bibi yako