Inchi Nane za Heshima

S.L.P. 83,
Homa Bay.
15 Agosti 1997

Mpendwa Dada Mwanamvita,

Najua ni utovu wa adabu kutanguliza habari kabla ya salamu, lakini hili likisubiri litarudi tumboni: mimi ndiye niliyeharibu mkanda wa mpiga mbizi. Sijamwambia mtu, hata Mama. Haya sasa, hujambo? Miguu ya Shangazi imepoa? Huku tu wazima, ila Okari, fundi msaidizi wa Baba, hali chakula tangu juzi.

Magugu maji yameziba bomba la maji la mji, basi akaletwa Bwana Bichage kuyakata huko chini. Ni Mkuria mrefu, alijifunza kupiga mbizi huko huko kwenu pwani. Jumanne aliingia dukani kwetu kwa ushonaji na mabamba mawili ya kubebea mtungi wa hewa mgongoni, moja la chuma, moja la alumini, akataka moja litiwe mikanda mipya. Baba akamshauri achukue la alumini, ni jepesi. Bichage akacheka, "Mzee, uzito ndio nautaka! Nisipozama nitakata nini?"

Akavaa suti yake ya mpira humo humo dukani ili apimwe nayo, jasho likimtiririka. Baba akapima mabega mpaka ngumi ikapita chini ya mkanda. Ukabaki mkanda mmoja, ule unaotoka chini ya bamba, ukapita... Dada, ukapita katikati ya miguu, ukaja kushikwa mbele kiunoni, ili mtungi usipande. Baba akaenda kuswali, akamwachia Okari kazi hiyo. Okari naye akaenda kula.

Bichage alikuwa na haraka, gari linamngoja. "Msichana, na huu mnapima saa ngapi?" Nikaikazia macho cherehani nikasema, "Kipimo tunacho." Hatukuwa nacho! Nilikisia. Na kwa vile tangu utotoni nafundishwa kwamba vazi la heshima halibani, nikaongeza inchi nane, nikashona, naye akaondoka nalo bila kulijaribu.

Kesho yake mji mzima ulikuwa ufukoni. Mkanda ulimning'inia magotini kama bembea. Roselyn, muuza omena, dagaa wa huku ziwani, akapaza sauti, "Yawa! Huyo amebeba mtungi, ama mtungi ndio umembeba?" Kuingia majini, mtungi ukapanda ukamgonga kisogo, kichwa kikaenda chini, tukabaki kuona miguu miwili ya mpira ikipunga juu ya magugu. Alitolewa salama, alhamdulillahi, lakini kwa hasira ile magugu yangenyauka yenyewe.

Nilicheka, Dada, mpaka pale Baba alipomgeukia Okari: "Miaka sita nakufundisha kupima!"

"Mzee, mimi nilikuwa nakula."

Hakumwamini. Nani angedhani ni mimi, nisiyeweza hata kumsalimu mteja? Kesho Okari anarudishwa kwao Ntimaru. Nimejaribu kusema mara tatu. Kila nikifungua mdomo, najikuta nauliza nani anataka chai.

Nisalimie Shangazi, Yassir na Nasteha mdogo. Mungu awajaalie afya, na riziki isiyo na magugu.

Wako akupendaye, mwenye aibu zake,
Shamima

Tena: nasikia viatu vya Baba vinakuja mlangoni. Nilikuwa nimeshaifunika karatasi kwa mkono. Sasa nimeuondoa. Ikikufikia na alama za vidole vyenye chaki ya fundi, ujue kuna aliyeisoma kabla yako.