Pazia la Kijani

Ambon, mwishoni mwa Novemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naamini barua hii itakukuta umekaa barazani, goti umelinyoosha juu ya kiti kingine, unamfokea jogoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomwagiza shangazi, Tanta Dolfina, akuletee, ipake kila ukienda kulala. Usiifungie kabatini kama ile ya mwaka jana mpaka ikakauka. Mimi mwili mzima, nakula, usingizi ndio wa kuokoteza. Moyo sijui niusemeje.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ungelia, nami ningenyamaza, halafu tungemalizia na habari za kuku. Nimeshajaribu na ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo uvumilie mwandiko wangu, na ukishasoma usimpe Tanta Dolfina asome.

Umeniuliza mara kadhaa kama Meza Moja yetu bado ipo. Haipo, Mama. Pale kantini tumerudi kama zamani: Wakristo upande wa mabomba, Waislamu upande wa madirisha, na katikati wanapita paka. Nilipofika chuoni mwaka wa kwanza niliikuta hali hiyohiyo. Hakuna aliyeiamuru, lakini we thubutu kukosea kiti uone macho. Hata mwenye nyumba nilikopanga aliniuliza jina la ukoo kabla ya kunitajia kodi, apate kujua mimi ni wa wapi.

Aliyevunja mambo hayo ni Saidin. Alivuka kantini nzima na sahani yake mkononi, akasimama mbele ya meza yetu, akauliza nani hapa anatoka Wailesi. Nikainua mkono nikidhani kuna habari ya msiba. Akasema yeye ni wa Hatusela, kisha akaniambia mbele ya watu wote, "Basi wewe ni dada yangu. Sogea, nina njaa." Meza nzima ilicheka. Nikasogea. Ningefanyaje, na wewe mwenyewe ulinifundisha tangu mdogo kwamba mtu wa Hatusela ni pela wetu, ndugu wa kiapo cha mababu waliokunywa damu zao katika kikombe kimoja, na kwamba kumnyima pela ni kujitakia laana?

Ndivyo tulivyoanza. Kila Alhamisi tuliunganisha meza mbili zikawa moja, mwishowe zikawa nne. Wao walilinda pikipiki zetu mkesha wa Krismasi, sisi tukalinda viatu vyao siku ya Idi, na niamini, viatu ndiyo kazi ngumu. Kejeli hazikukosekana. Wa kwetu waliniita Hajati, wakaniuliza kila asubuhi kama nimeshatawadha. Wa kwao walimwita yeye Bwana Shemasi. Alikuwa anawabariki kwa mkono kama mchungaji hasa, mpaka wakachoka wenyewe. Mama, nilikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kukuambia. Nilidhani tumepata njia, na kwamba ninyi mlioona moto wa vita ile ya Wakristo na Waislamu mtatutazama mpumzike.

Ndiyo maana tulikuja Wailesi kupaka rangi kanisa. Wazo lilikuwa la Saidin. Mawe ya msingi yalibebwa na mababu zake, akasema, sasa yeye atawezaje kuziacha kuta zinabanduka? Nakumbuka ulivyotupokea. Ulinunua sufuria mpya ambazo hazijawahi kuona nguruwe. Ulimwachia achinje kuku mwenyewe. Ulimwita mwanangu, ukamwekea kichwa cha samaki, na wanao hatujawahi kuwekewa kichwa cha samaki. Naye akaona goti lako linavyokusumbua, akapanda kwenye kigoda akakugongelea msumari wa pazia la jikoni.

Siku ya mwisho tui lilipungua. Mimi ndiye niliyemwambia Saidin aangue nazi nyuma ya nyumba. Alisita kidogo, akaniuliza kama hakuna marufuku, nikamwambia hebu acha adabu zako, wewe si wa nyumbani? Kwao marufuku ya kuvuna hupigiwa ngoma, na kila mti hufungwa makuti machanga shinani, hata mtoto anaona. Kwetu huombewa kanisani Jumapili, basi, na mti hubaki kama ulivyo. Aliyekuwa kanisani anajua. Mimi Jumapili ile nilikuwa huku mjini. Yeye kanisani angefuata nini? Akapanda mchana kweupe, huku anapiga mluzi.

Yaliyofuata unayajua nusu. Tulivyorudi chuoni, picha ilikuwa imetutangulia: Saidin juu ya mnazi, panga mkononi, na nyuma yake mnara wa kanisa. Chini wameandika, "Leo nazi za Bwana, kesho kanisa lenyewe." Kila simu ilikuwa nayo. Upande wa pili wakajibu kwamba hivi ndivyo Wakristo walivyo, wanakualika ule halafu wanakuita mwizi. Watu waliokula nasi Alhamisi kwa Alhamisi waliandika maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ijumaa kantini ikachafuka. Kijana mmoja wa kisiwa cha Seram, ambaye hata Meza Moja hakuwahi kuikalia, alipigwa chupa, na jicho lile halioni tena.

Chuo kikaita kikao cha nidhamu. Nikasimama nikasema mimi ndiye niliyemtuma. Mzee mmoja wa kamati akanijibu kwa upole kabisa kwamba binti wa watu kama mimi hapaswi kujitwika mizigo ya wengine. Mwalimu Rehata, mlezi wetu, yule aliyesifia papeda yako, ule uji mzito wa sago, mpaka akaomba kufungiwa, alitazama simu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu mwenyekiti akamgeukia Saidin. Akamwambia aliyepiga picha alikuwa karibu, bila shaka aliona kama kijana alikuwa ananyatia au alipanda waziwazi kama mtu wa nyumbani, na ushahidi wake ungeweza kummaliza au kumwokoa. Je, anamjua ni nani? Saidin akasema hajui. Wakamsimamisha masomo mwaka mzima. Ufadhili wa wilaya ukafutwa, na bila ufadhili mtoto yule hana chuo. Sasa yuko Sorong, anapakua mizigo bandarini.

Mama, nimezunguka vya kutosha. Sasa nikuambie.

Ile picha, ukiitazama vizuri, upande wa kushoto kuna kipande cha kitambaa. Wengine wamekiona wakadhani ni jani. Ni kijani chenye maua madogo ya njano. Nilikishona kwa masalio ya sketi za kwaya yetu, na dunia nzima hakuna kingine. Nilikijua siku ya kwanza. Nikazima simu, nikarudi darasani. Siku ya kikao nilikuwa na jina lako mdomoni, Mama, nikalimeza, na kaka yangu wa kiapo akasimamishwa masomo mbele yangu.

Nilimfuata hadi getini nikamwambia kwamba najua. Akatabasamu. Akasema lile pazia amelitundika mwenyewe, atalisahau vipi? Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akanijibu, "Yule ni mama yangu pia, Meiske. Nimtaje vipi?" Akapanda bodaboda akaondoka. Hatujaonana tena.

Najua hukuiweka wewe mitandaoni. Najua uliwatumia akina mama wa maombi tu, na kwamba yale maneno ya chini si yako. Na Mjomba Yopi namjua, ingawa nilizaliwa ameshauawa katika vita ile. Najua walivyomrudisha amekatwa mapanga, na kwamba tangu hapo lile panga lake hujalishika hata kukata kitunguu. Sikulaumu kwa kulia, wala kwa kuogopa ulipomwona Saidin na panga. Ila nilidhani ukimwita mtu mwanangu, umemwita. Sasa sijui lipi lilikuwa kweli, zile sufuria au ile picha, na nikikaa nikifikiri naona huenda zote mbili, hapo ndipo ninapokata tamaa. Kama ni wewe, Mama, uliyemlisha kwa mkono wako, mimi nitaunganisha meza gani tena, na nani?

Dirisha lilikuwa wazi. Ulikuwa karibu naye kuliko mimi. Ungemwambia tu, "Shuka mwanangu, nazi hizo zimeombewa," angeshuka, angekuomba radhi, na sote tungekula samaki bila tui.

Umeniomba nije Krismasi. Sitakuja. Lakini baba yake Saidin atakuja, pamoja na mafundi wa Hatusela, kuezeka paa la kanisa kama kiapo kinavyotaka. Wamesema watakuja, nazi au si nazi. Mchungaji ameshapanga nani alale nyumba gani, na mzee atalala kwetu, katika kitanda alicholala mwanawe. Hajui picha ilipigwa na nani, Saidin hakumwambia. Utampikia katika sufuria zile, naye atakushukuru, na pengine atakuuliza kama mwanawe alikuwa na adabu alipokaa kwako. Sikuambii umjibu nini. Ningekuwa najua, ningekuwa nimemwambia mwenyewe.

Nisalimie majirani, na wote wa kwaya. Tanta Dolfina mwambie dawa nimeshalipia. Jikinge na mvua, na kwa hilo goti usipige magoti sakafuni ukisali, ukae kitini, Mungu anasikia hata ukikaa.

Ni mimi mwanao, ambaye bado anakupenda na hajui aufanye nini upendo huo,

Meiske