Hatua Moja Nyuma ya Ukuta Wako

Wafula, bakoki yangu,

Ni mimi Barasa, yule mlitahiriwa naye pamoja. Naandika mwenyewe kwa mkono wangu, hata kama darasa la tatu ndio mwisho wangu. Wewe ulifika la saba, na sasa umelala huko Bungoma bila kalamu. Nani amesoma zaidi?

Nikupe habari za hapa mtaani Tuwan. Ile barabara tuliambiwa itapanuliwa tukiwa bado na meno, imekuja. Kaunti imepitisha sheria: nyumba yoyote ya biashara ikae nyuma ya jiwe la savea, mbele iachiwe barabara, mtaro na bomba la maji taka. Ukikataa kurudi nyuma hupewi leseni, hupewi bomba, na trekta inakuja kubomoa. Duka langu wamelichora X nyekundu mlangoni. Nyumba yako ya vyumba vya kupangisha hawakuigusa hata na kidole.

Unakumbuka vile tulinunua ploti zikifuatana? Mimi nikajenga mpaka kwa lami, duka la kwanza la mawe upande huu. Mtu akitoka Kachibora alikuwa ananiona mimi kwanza. Wewe ukarudi nyuma kama mtu ameona mbwa, ukaacha uwanja mtupu, ukapanda maua. Nikakuuliza, "Bana, hiyo uwanja umemwachia nani, ng'ombe wa serikali?" Ukacheka tu. "Barasa, hii barabara haijamaliza kukua."

Sasa huo uwanja ndio kila kitu. Wameweka slabu ya kufunika mtaro, taa ya barabarani imesimama pale maua yalikuwa, watu wa bodaboda wamefanya steji, na ati steji inaitwa Kwa Wafula. Mimi niko hai, nafungua duka kila asubuhi, lakini mtu akielekezwa kwangu anaambiwa, "Shuka Kwa Wafula, utaona kaduka fulani." Kaduka! Umekufa na bado unanishinda. Si marehemu anafaa kupumzika?

Hata mazishi yako. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama kwa shamba la jirani. Nililia, ndio. Lakini pia niliangalia huo umati nikajiuliza kama wangu utafika nusu.

Juzi bibi yako alikuja kwangu. "Shemeji, chumba cha mwisho kiko wazi. Ingia na vitu vyako." Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliniuma. Mimi niuzie watu misumari chini ya jina lako? Nilisema asante, nikakataa.

Usisahau nani ni nani. Siku ile ya kutahiriwa, tuliposimama uwanjani kwa baba yako, matope mwili mzima, kisu kilianza na mimi. Sikupepesa jicho. Wewe ulikuwa nyuma ukiangalia mgongo wangu. Ulisema mwenyewe miaka yote, mbele ya watu: "Barasa angetikisika, mimi ningekimbia." Sasa hata trekta imeamua kuanza na mimi.

Lakini haitanipata. Kesho nabomoa mwenyewe. Nilijenga na mikono hii, hakuna kijana wa kaunti atashusha jiwe langu. Mawe nitayapanga tena huko nyuma ya ploti, na yatapendeza kushinda yako, hiyo ujue.

Jana jioni nilikuja kwa ploti yako kupima na miguu, nijue ulirudi nyuma hatua ngapi. Nikashika ukuta wako. Baridi. Nikakuita, sijui kwa nini, ile sauti yetu ya kuitana chai. Hakuna mtu alisema, "Nini tena, Barasa?" Nikakaa hapo kwa slabu yako kidogo. Ni nzuri. Sitasema tena.

Basi lala, bakoki. Nakuahidi hivi: nitajenga hatua moja nyuma ya ukuta wako. Barabara haijamaliza kukua, si ni wewe ulisema? Wakirudi na X yao, safari hiyo waanze na wewe. Mimi nitakuwa nyuma, nikiangalia mgongo wako.

Na usitikisike.

Barasa