Siku Nilimpeleka Mutinda kwa Meza Yetu

Khocha,

Kaa chini kwanza, mjomba wangu. Najua umelala, na najua hupendi kuamshwa, lakini hii lazima uisikie kutoka kwangu. Mama ataongeza chumvi na watu wa Kangemi wataongeza pilipili, na ikifika kwako itakuwa mchuzi mwingine kabisa.

Nilimpeleka Mutinda pale kwetu. Eeh, pale pale town, juu ya ile duka ya vitambaa, kwa hoteli yetu ya Waitaliano.

Mutinda hukuwahi kumwona. Ni yule kijana nilianza kuongea naye ukiwa wodi. Mkamba, mrefu, shati yake imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake. Anauza bima. Ukimuuliza anakaa wapi anasema Kitisuru, na anaisema polepole ndio isikuponyoke. Siku nimeenda huko nikapata ni ile nyumba ndogo ya wafanyakazi, nyuma ya nyumba ya watu wengine. Khocha, kukaa huko si aibu, nani ako na shida na hiyo? Shida ni mtu kukaa huko na kuongea kama mwenye geti. Lakini nilinyamaza. Nilikuwa na matanga kwa roho na yeye alikuwa ananitumia "umekula?" kila siku, na ukiwa na matanga "umekula?" inakaa kama mapenzi.

Tukafika mahali pa mbuzi. Kwao ukitaka msichana unaleta mbuzi tatu nyumbani kwao, wanaziita ntheo, na zikishapokelewa na moja ichinjwe, basi, wewe ni bibi ya mtu. Ilipangwa Jumamosi. Kwa Mama, Kangemi, maana Baba unajua alienda Uganda kununua mahindi na hadi leo bado anachagua.

Nikakumbuka ile kitu ulikuwa unasema. "Nekesa, usiolewe na mtu kabla umwone mezani na chakula hajui kula." Nikasema sawa. Nitampeleka. Ilikuwa Jumatano.

Kwanza nikuambie pale pameharibika. Pameharibika, Khocha! Ile ukuta ulikuwa unaegemea wameibandika majani ya plastiki, eti zabibu, na taa ya duara mbele yake, watu wanapanga foleni kupigwa picha. Wasichana wawili karibu na sisi walipiga picha pitsa yao mpaka jibini ikaganda. Mmoja anashika kipande juu, mwingine anasema "vuta, vuta, acha ivutike," na hakuna mtu anakula. Ungewauliza kama ni chakula ama ni bwana harusi. Menyu sasa iko na picha, muziki inapigwa kama ya klabu, na wale wazee wa tie wenye walikuwa wanasoma gazeti pale kwa dirisha wote wametoroka. Mpishi ni yule yule tu, asante Mungu. Na weita ni Odhiambo yule yule.

Unakumbuka siku yetu ya kwanza pale? Ulikuwa umetoka Dagoretti kuchinja, umeoga mara mbili, umejipaka mafuta ya nazi mpaka mtu angedhani kuna wali inapikwa. Odhiambo akaweka spageti mbele yako. Ukaiangalia vile unaangalia nyama haina muhuri. Halafu ukasema, na hukunong'ona, "Kijana, hii kitu sijawahi kula. Nionyeshe vile wenyewe hufanya." Hoteli nzima ikageuka. Mimi nilitaka kuingia chini ya meza. Odhiambo akashika uma, akazungusha, ukajaribu, ikaanguka yote kwa shati, ukasema, "Hii chakula inataka kunifunga kamba." Ukacheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia ni nani. Tangu hiyo siku ukawa Mkubwa pale. Hakuna mtu alikuuliza unafanya kazi gani. Kila mwisho wa mwezi tunapanda ngazi, na Odhiambo anaita kutoka juu, "Mkubwa, leo ni kamba ama ni pitsa?"

Na ile siku walimletea jirani yetu nyama mbichi, imekatwa nyembamba kama karatasi, nawe ukaitaka hapo hapo! Mchinjaji mzima, umeshika kipande juu kwa mwanga, unasema, "Hii ng'ombe ilipita karibu na jiko ikasalimia tu." Halafu ukamaliza sahani.

Sasa sikia ya Mutinda.

Tunaingia, Odhiambo ananiona, anatabasamu, anaangalia nyuma yangu. "Na Mkubwa? Amepotea sana." Nikamwambia. Khocha, yule mtu aliweka menyu chini. Alisimama tu, mkono kwa kifua. "Haki ya Mungu. Mkubwa? Lini?" Na mimi nikaanza kumwambia vile ulilala Jumapili na...

Mutinda akagonga meza na kidole. "Boss, tutaletewa maji ama tuko matanga?"

Hapo tu ningetoka. Mbona sikutoka? Sijui. Labda nilitaka kuona mwisho yake, vile mtu huendelea kuangalia gari ikirudi nyuma kuelekea mtaro.

Odhiambo akaleta maji. Akauliza aeleze menyu. Mutinda akasema, "Usijali, mimi Italiano nimekula mingi." Akafungua menyu, akapita picha zote, akaenda pale hakuna picha ndio aonekane anajua, akaweka kidole. "Hii. Kama kawaida." Kawaida! Mimi nilijua ile jina. Nilikuwa naweza kumwambia. Sikusema kitu, Khocha, na sioni haya.

Ikaja. Nyama mbichi, nyembamba, na majani juu. Mutinda akaiangalia. Jasho kidogo hapa kwa pua. Angesema tu "sikujua," angesema tu hivyo, tungecheka, ningempenda zaidi, ningechinjiwa hizo mbuzi nikiwa naimba. Lakini wapi. Akaita Odhiambo kwa kupiga vidole. "Kwani gesi imeisha huko jikoni? Hii mnaletea nani?" Odhiambo akajaribu, kwa heshima, "Bosi, hii huwa inakuja hivi..." "Usinifunze kula! Rudisha iive." Wasichana wa pitsa wakageuza simu upande wetu.

Odhiambo akabeba sahani. Na nyama ile, ukiirudisha kwa moto, unajua itakuwa nini. Ilirudi imejikunja kama masikio ya panya. Mutinda akaila yote, akitafuna kwa nguvu, akiniambia, "Umeona? Hawa ukiwanyamazia wanakuzoea."

Mimi bado nilikuwa natafuta mtu mzuri ndani ya ile shati. Nikasema nimchekeshe, nikamwambia ile yako ya ng'ombe kusalimia jiko. Hakucheka. Akauliza, "Huyu si ndiye yule mjomba wa kuchinja? Yule mlisema lazima apewe ng'ombe?"

Nikasema ndiyo. Nikamweleza tena vile kwetu iko: msichana akiolewa, ndugu ya mama yake anapewa ng'ombe yake, haiingii kwa hesabu ya mtu mwingine. Na wewe hukuwa khocha wa jina tu. Wewe ndiye ulinilipia shule mpaka nikaacha mwenyewe. Wewe ndiye ulinyamazisha Mama nilipoanza kufungua simu za watu na kushindwa kuzifunga, ukasema, "Mwache aharibu, ndio atajua." Sasa niko na kibanda yangu town, natengeneza simu, na hakuna mtu alinifundisha isipokuwa hizo simu niliharibu. Nikamwambia Mutinda hiyo yote. Nilikuwa naongea haraka, mikono iko juu. Nikamalizia kwamba hata kama umeenda, ng'ombe itaenda kwa boma yako Kimilili, kwa bibi yako Auntie Rose.

Mutinda akapangusa mdomo. Akacheka. Akasema, "Wacha, babe. Hapo Mungu ametusaidia. Hiyo moja ilikufa na mwenyewe."

Khocha.

Nimeandika hiyo sentensi hapa juu nikaifuta, nikaiandika tena, kwa sababu nilitaka ujue ni maneno gani hasa.

Sikumwaga maji. Sikupiga kelele. Nilimaliza spageti yangu, yote, nikizungusha uma vile tulifundishwa, na nikimwangalia. Alidhani ni mapenzi. Nikaweka uma chini, nikamwambia, "Mutinda, Jumamosi usilete mbuzi." Akasema, "Unanichezea." Nikasema sichezi. Akaenda kupigwa picha kwa zabibu za plastiki! Aliniacha hapo kwa meza, akaenda kusimama kwa ile taa ya duara, akarekebisha kola.

Nyumbani nikamwambia Mama imeisha. Akauliza kwa nini. Hapo ndipo nilishindwa. Ningemwambia aje maneno kama hayo juu ya ndugu yake, na bado hajatoa viatu zako kwa mlango? Nikasema tu simtaki. Mama akasema, "Wasichana wote hukasirika wiki ya ntheo. Ukiona mbuzi utacheka." Alhamisi akakanda unga. Ijumaa akaazima viti za kanisa.

Na yule mwoga, unajua alifanya nini? Hakuambia watu wake. Hata mmoja! Aliona aibu kusema amekataliwa, akasema moyoni kwamba mimi nikiona wazee nitanyamaza. Jumamosi pickup hiyo inaingia Kangemi, wazee wanne wamevaa koti, wametoka Machakos mapema, mbuzi tatu nyuma, na yeye ako mbele na miwani ya jua.

Nikaenda kwa geti nikasimama. Mama nyuma yangu ananivuta nguo, "Nekesa, usiniaibishe, nani atakuoa na hiyo mdomo?" Mzee mmoja wa kofia akashuka, mpole sana, akajitambulisha. Na unajua ni nani? Ni mjomba wa Mutinda. Ndugu ya mama yake. Mungu huwa anapanga kiti mwenyewe.

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, na samahani kwa safari. Hizi mbuzi siwezi zipokea." Akauliza kwa utulivu, "Kijana wetu amekukosea?" Nikaangalia Mama. Nikasema wacha tu, leo atasikia. Nikasema maneno yake yote, hapo kwa geti, na majirani wameegemea ukuta. Ng'ombe ya khocha. Ilikufa na mwenyewe. Mungu ametusaidia.

Mkono ya Mama ikatoka kwa nguo yangu.

Mzee akamgeukia Mutinda. "Ulisema?"

Mutinda akatoa miwani. "Mjomba, ilikuwa utani."

"Na mimi nikikufa utataniana hivyo?"

Mbuzi ndio ilijibu. Yule mzee akavua kofia, akamshika Mama mikono zote mbili, akasema, "Mama, pole kwa ndugu yako. Tumeingia kwako na hatujasema pole. Hiyo ni makosa yetu, si ya huyu mtoto." Na Mama, Khocha, Mama wa viti za kanisa, hakulia. Alienda kwa mbuzi yenye ilikuwa imeshashushwa, akashika kamba yeye mwenyewe, akaivuta mpaka kwa pickup, akaisukuma juu kwa makalio. Slipa moja ikabaki kwa matope.

Halafu akaingia jikoni, akafungia wazee chapati za njia. Kila mmoja na yake kwa karatasi. Mutinda naye akanyoosha mkono. Mama akafunga kifuniko.

Basi. Ndiyo hiyo. Kangemi sasa wanasema niliacha mtu wa Kitisuru kwa sababu ya maiti. Wacha waseme. Wao waliolewa na nani, tuwaone? Mama hajaniuliza tena habari ya kuolewa. Jana ameosha zile viatu zako, akaziweka kwa mfuko zipelekewe Auntie Rose. Tulizifunga kamba pamoja.

Mwisho wa mwezi nilirudi kula, peke yangu. Odhiambo alinikalisha mbali na zabibu.

Sasa lala, Khocha, nimekuchosha. Siwezi kukuahidi kwamba nitaolewa, na hujawahi kuniomba. Lakini hii nakuahidi. Mtu akija tena, kabla aniambie habari ya mbuzi ama ya ng'ombe, nitampandisha gari mpaka Kimilili, nimsimamishe mbele ya kaburi yako, akuambie jina lake na kwao ni wapi, kwa sauti, majirani wakisikia. Akiona aibu kuongea na wewe, namwacha hapo hapo. Barabara ya kurudi Nairobi ataiuliza mwenyewe.

Ni mimi wako,
Nekesa