Telegramu Iliyosomwa Redioni

Korrabee, 6 Februari 1956

...na lile la mwisho uliloniuliza, kama ni kweli huku hakuna kitu: Mama, kipo! Lakini kwanza, umeamkaje? Magoti yanasemaje na unyevu wa Brisbane? Sisi wazima, na mimi nina furaha mpaka naona haya.

Kuna matuta ya mchanga mwekundu, marefu, yamelala sambamba kama nywele zilizochanwa. Katikati kuna mikondo ya mto bila tone la maji, udongo umepasuka hata mguu unazama. Nyuma ya nyumba limesimama bomba la moshi la mawe, peke yake. Ni la walowezi wa kwanza. Walikuja mwaka wa majani mengi, wakadhani ndivyo ilivyo siku zote. Wenyeji, ambao wajukuu wao ndio wanaopanda farasi na Clem, waliwaambia sivyo. Hawakusikia, na ukame ukawafukuza.

Na Clem wangu! Nikiona kofia yake imening'inia mlangoni moyo unaruka. Sasa yuko kambini kukusanya ng'ombe, atarudi watakapokusanyika. Jana niliandaa sahani mbili, nikala zote. Naongea na birika. Lina adabu, halinikatizi.

Binti yako mwenye mume,
Nerida


TELEGRAMU
Brisbane, 20 Februari

BIRIKA SI MUME. RUDI NYUMBANI. CHUMBA CHAKO KIKO VILEVILE. HAKUNA ATAKAYEKUCHEKA. MAMA


Korrabee, 25 Februari

Mama,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Mimi mzima, wa mwili.

Hukujua, nami sikuwahi kukueleza: telegramu za huku haziji kwa bahasha. Kila asubuhi nyumba zote zinafungua redio ya upepo, ile ya kusikia na kujibu, karani wa mjini anazisoma kwa sauti, na nyika nzima inasikiliza, chai mkononi. Yako aliisoma taratibu, kisha akauliza, "Nirudie?" Nikasema usirudie! Kabla sijazima, Thelma wa shamba jirani, jirani wa safari ya siku nzima, akadakia: "Shoga, hilo birika lina kaka?" Wakacheka wote.

Clem ana redio kambini. Amesikia. Tangu siku hiyo hasemi neno redioni ila habari za ng'ombe.

Na sasa maji yamekuja, Mama, chini ya jua kali, bila hata wingu. Mvua ilinyesha mbali kaskazini wiki kadhaa zilizopita, maji yake ndiyo kwanza yanatufikia. Mikondo yote imejaa. Nyumba imekuwa kisiwa, mume wangu yuko ng'ambo, na lori la barua halipiti. Barua hii itakaa mezani.

Nampenda mno. Naye anadhani nimemshtaki kwako.

Binti yako,
Nerida


Korrabee, 17 Machi

Mama yangu,

Unalala vizuri? Maji bado, kwa hiyo barua hii inaungana na mwenzake mezani.

Leo telegramu zilipokwisha, Clem akaniita redioni. Clem, aliyenichumbia kwa kuniuliza kama napenda farasi!

"Nerida, najua wanasikiliza wote. Sina njia nyingine. Maji yakishuka, ukitaka kwenda kwa mama yako nitakupeleka stesheni mwenyewe. Sitanuna."

Nikajibu: "Siendi popote, mume wangu. Lakini nina upweke. Nilificha kwa sababu bibi harusi hatakiwi kusema hivyo."

Redio ikakwaruza. Kisha Thelma, yuleyule: "Mimi mwaka wa kwanza nililia kichwa ndani ya pipa la unga, mume asisikie."

"Mimi nalia mpaka leo," akasema mwingine.

Na sauti nisiyoijua, ya mbali sana: "Hata mimi."

Clem akawasubiri wamalize. "Safari ijayo twende wote kambini. Kupika kwenye moto wa nje unajua?"

"Hapana!"

"Basi tutakula hivyohivyo."

Mama, nilibusu redio.

Binti yako,
Nerida


Brisbane, 9 Aprili

Mwanangu,

Barua zako zimefika pamoja, moja ina alama ya kikombe. Mko wazima? Magoti yangu yanauma, usiyajali.

Nilisema hakuna atakayekucheka, kumbe nimekufanya uchekwe na nchi nzima. Nisamehe. Chumba chako sikukiacha vilevile kwa ajili yako. Jioni nilikuwa nakaa kitandani pako nikisikiliza tramu zikipita. Hilo sikuweza kuliandika kwenye telegramu, na hapa hatuna redio ya mtu kujibu "Hata mimi".

Jana nimekipangisha kwa mwalimu, msichana mwenye kelele. Naona nitampenda.

Karani wa stesheni anasema treni inaishia Quilpie, kisha napanda lori la barua. Mwambie Clem nitamkumbatia, na asikimbilie kwa ng'ombe wake. Nakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Mama yako