Nuria Alipotoka Kwenye Mstari

Habiba, mwanafunzi wangu,

Nilikufundisha kwamba barua huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Wewe sina namna ya kukuuliza. Nakuombea rehema, kisha nieleze kosa langu, kwa sababu linamhusu mwanao.

Tangu tulipokuzika, mimi ndiye ninayewaongoza skauti wako wadogo, kundi la Sungura. Wazazi walikuja nyumbani kwangu Chechelesi wakasema, "Mwalimu, hakuna mwingine." Nikawaongoza kama nilivyofundisha darasani: mstari mnyoofu, skafu iliyopigwa pasi, Ahadi ya Skauti isemwe bila kukosea.

Nuria wako ametimiza miaka kumi na mmoja, umri wa kuvuka kwenda kwa Chipukizi, kundi la wakubwa. Nilimpima kama ninavyowapima wengine. Mafundo alifunga. Moto aliwasha kwa kijiti kimoja cha kiberiti. Nikamwambia aseme Ahadi mbele ya wenzake. Akasimama, mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Ikawa hivyo Jumamosi tatu. Ile ya tatu mvulana mmoja alinong'ona, "Bubu atavuka aje?" na wengine wakacheka. Nilimkemea mvulana, lakini kwenye daftari niliandika: Hayuko tayari. Nilijua ni nani aliyemfundisha Nuria Ahadi ile, Habiba. Nilijua, na bado niliandika.

Shangazi yake alinifuata sokoni. "Mwalimu, ukimrudisha kwa watoto wadogo, hatakuja tena. Ashaweka skafu kwa sanduku." Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Hata hivyo, Jumamosi iliyopita Nuria alikuja, skafu shingoni. Sijui alivyoshawishiwa.

Tulitembea kwenda Burat, kwenye mashamba ya kando ya mto. Nuria nilimweka mbele kwa kuwa ndiye mkubwa. Wewe, safari zote, mtoto aliyekaribia kuvuka ulimweka mwisho kabisa. Nilikukosoa mara ngapi? Nilikuambia mstari wako ni kama mbuzi wanaorudi zizini. Ulicheka. "Wewe hesabu vichwa, Mwalimu. Mimi nangoja kuona nani atageuka." Sikuelewa, na sikuuliza.

Tulipofika shambani nilihesabu. Watoto walikuwa wametoka ishirini na wawili. Sasa walikuwa ishirini. Nikahesabu tena, nikigusa kila kichwa. Nuria hayupo. Akiru, mdogo kuliko wote, hayupo.

"Nuria alitoka kwa mstari kitambo," mmoja akasema. "Alirudi nyuma."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulisema tusiongee kwa mstari, Mwalimu."

Mwenye shamba alikuwa akisimamisha ua ulioangushwa na tembo. Kinyesi chao kilikuwa bado kibichi. Alitazama kichaka tulikotoka, akanitazama mimi, akachukua panga lake.

Watoto tuliwaacha na mkewe, tukarudi njiani. Nilipuliza filimbi hadi kifua kikauma. Magoti yangu unayajua. Niliwaza nitakavyosimama mbele ya shangazi yake, kisha nikawaza kwamba siku moja nitasimama mbele yako. Nikapuliza tena.

Karibu na mgunga mmoja mwenye shamba aliinama. Mawe yalikuwa yamepangwa kwa umbo la mshale, alama ya njia ya skauti, yakielekeza kando ya njia. Hatua chache mbele kulikuwa na mshale mwingine. Nikashusha filimbi.

Ndipo nilipomsikia, kabla sijamwona. Sauti ya Nuria, nzima, bila kutetemeka, ikisema Ahadi sentensi moja baada ya nyingine, na sauti ndogo yenye kwikwi ikiirudia. Alifika mwisho bila kukosea. Akaanza upya.

Mwiba ulikuwa umetoboa ndala ya Akiru ukaingia mguuni. Nuria alikuwa ameuchomoa, akaufunga mguu kwa skafu yake. Aliponiona alisimama wima.

"Ni mimi nilitoka kwa mstari, Mwalimu. Usimgombeze Akiru."

"Mbona hukuitikia filimbi?"

"Nilikuwa naitikia. Wewe ulikuwa unapuliza tu."

Habiba, nilikuwa nimeandaa karipio refu. Badala yake nilimbeba Akiru mgongoni, nikamwamuru Nuria atangulie. Akakataa. Mtoto aliyeshindwa kunijibu Jumamosi tatu alinitazama machoni akasema, "Tangulia wewe. Mimi niko nyuma." Nikatangulia.

Nilipofika nyumbani nilichukua rula, nikakata yale maneno mawili kwenye daftari, nikaandika chini yake: Yuko tayari. Wewe ungeliona hilo mwezi mzima kabla yangu.

Kesho anavuka. Skafu ya Sungura huvuliwa na mzazi. Shangazi yake ndiye atakayeivua. Ameifua mara mbili na doa la damu halikutoka. Zamani ningemtuma Nuria akalete nyingine. Kesho ataivaa hiyo hiyo. Wala sitamsimamisha mbele ya watu. Akiru atasimama karibu naye, na Nuria atamwambia yeye Ahadi. Sisi wengine tutasikiliza. Sauti ikikataa, tutangoja.

Pumzika kwa amani, binti yangu. Kuanzia safari ijayo nitatembea mwisho wa mstari, na watoto wataruhusiwa kuongea. Nitahesabu vichwa, maana hiyo ndiyo kazi niijuayo. Kisha nitageuka kuona kama kuna aliyebaki.

Mwalimu wako.