Kwa Nini Ulikuwa Unafungua Mlango

Mama yangu uliye Morogoro,

Mjukuu wako Baraka hajaota hata jino la pili, na wewe umeshafunga begi kuja Sydney kumlea. Nimefurahi, tena sana. Lakini kuna swali limenikaa kooni tangu utotoni, nalo nataka unijibu kabla hujapanda ndege: kwa nini ulikuwa unafungua mlango kila ulipotaka kunichapa?

Watu hufunga. Wewe, miaka ile tulipoishi wote hapa Sydney, ukirudi nyumbani kwetu mtaa wa Quakers Hill umechoka na zamu ya kutunza wazee, ukakuta nimeunguza wali au nimekujibu kwa Kiingereza, ulifungua kwanza mlango wa mbele, ndipo ukashika mwiko. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," ulisema, macho yako barabarani. Nilidhani unataka majirani wanione. Aibu ilizidi maumivu, na maumivu hayakuwa madogo. Kovu la kiwiko ninalo hadi leo.

Majuzi nikamkumbuka Mama Zuhura, jirani yetu wa Morogoro kabla hatujahamia huku. Ukinigusa tu ameshaingia, kanga begani: "Mama Neema, basi. Niachie huyu." Ulinung'unika, ukamwachia, mkaishia kunywa chai. Sikumbuki hata siku moja uliyomaliza kunichapa kule. Huku barabara ilikuwa kimya, nyasi zimekatwa vizuri, na hakuna aliyekuja. Basi uliendelea.

Mpaka alipohamia nyumba ya jirani Bi Lupe, yule Mmeksiko. Aliingia na unga wa mahindi mikononi, akakunyang'anya mwiko hata jina lako halijui. Nilingoja umfukuze. Ulikaa chini ukalia, kisha ukamwekea chai. Alitusimulia kwamba kwao, mji wa mpakani mwa Meksiko na Marekani, bibi yake ndiye aliyekuwa akiingia hivyo. Familia ikavuka mpaka, bibi akabaki, na mkono wa baba ukakosa wa kuuzuia.

Je, ulikuwa unamngoja Mama Zuhura? Nikiwaza hivyo nakuonea huruma, halafu nakasirika, maana mkono ulikuwa wako na ungeweza kuuzuia mwenyewe. Sijui lipi kubwa. Niambie wewe.

Njoo, mama. Chumba kiko tayari, na Baraka anacheka na kila mtu. Siku hizi Bi Lupe naye anakaa mtaa wetu huu wa Granville, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nimempa ufunguo wa mlango wetu.

Ni mimi mwanao,
Mama Baraka